Zamu ya Kumkoroga Mvivu

4 Machi

Kaka,

Barua yako nimeipata na nimeisoma chooni, mlango nimeubana, maana kuta za nyumba hii unazijua. Ndiyo sababu sipokei simu zako. Wewe ukiongea kwenye simu utadhani unamwita mtu aliye juu ya paa, na Baba yuko hapo chumbani, hatua chache kutoka jikoni. Unasema haelewi kitu. Mimi sitaki asikie maneno "makao ya wazee" kutoka kwenye mdomo wa mwanawe. Kwa hiyo tuandikiane.

Umesema mwisho wa mwezi utakuja na gari umchukue, na mimi nirudishe funguo kwa mwenye nyumba. Umesema mtu aliyepooza, asiyeongea, anayebana mdomo ukimpelekea kijiko, hawezi kuachwa peke yake asubuhi nzima wakati mimi niko kazini. Sikukatalii yote. Lakini nina jambo la kukuambia kabla hujatia mafuta kwenye gari.

Nimemtoa Mvivu chini ya sinki. Ile sufuria ya umeme ya Mama ya kupikia polepole, tuliyoibandika jina hilo kwa sababu jambo ambalo jiko linalimaliza upesi, yeye analitaka siku nzima. Tangu Mama atutoke hakuna aliyemgusa. Nilimwosha, nikakata vitunguu vyembamba mpaka akajaa pomoni, nikatia mafuta kidogo na chumvi, nikawasha moto wa chini kabisa, nikaenda zangu kusaga vioo vya miwani vya watu. Nilitaka vile vitunguu vya Mama, vya kahawia, vilivyolegea, vitamu utafikiri vimetiwa sukari. Baba alikuwa akivipaka kwenye mkate mpaka Mama anamnyang'anya kisu. Nikasema labda harufu itamfungua mdomo.

Vimetoka majimaji. Vyeupe, vinaogelea. Sijui Mama alikuwa akifanyaje. Lakini si hilo ninalotaka kukuambia.

Unaikumbuka sheria ya mwiko. Ile meza ya jikoni Baba aliikata miguu ili Mama amenye akiwa amekaa chini, na viti vyetu vinne vifupi bado viko, kila kimoja upande wake. Ukishakoroga, unaulaza mwiko juu ya kifuniko, mpini unaelekea kiti cha anayefuata. Mama, kisha Baba, kisha wewe, kisha mimi, halafu tena Mama. Vikiiva, Mama mwenyewe alikuwa akiuosha na kuutundika kwenye ule msumari wa juu, akisema, "Vimeiva, hakuna wa kuuliza." Hapo zamu zimekwisha.

Asubuhi ile nilikoroga nikaulaza mwiko kwa mazoea tu. Kiti cha Mama nilikiruka, moyo haukunipa. Nikauelekeza kwa Baba. Jioni nilipoingia, mpini ulikuwa unaangalia kiti chako.

Nilicheka peke yangu. Nikasema huyu bwana mkubwa hata akiwa mbali anategea zamu. Halafu kicheko kikanikauka.

Nimemuuliza Mama Mdogo, ambaye huja mchana kumgeuza Baba na kumbembeleza anywe uji. Anasema jikoni haingii, chai yake anakuja nayo kwenye chupa, na tangu dada yake afie mle ndani hataki hata kuiona ile meza. Nimerudia siku kadhaa. Nikiuelekeza kwa Baba asubuhi, jioni naukuta kwako.

Usimchukue kwanza, tafadhali.

Mdogo wako,
Chiriku


13 Machi

Chiriku,

Nimeisoma barua yako nikila mchana, nimekaa juu ya boksi kwenye chumba cha mashine, ghorofa ya mwisho. Mwenzangu akaniuliza nacheka nini. Nikamwambia mdogo wangu ana mwiko unaotembea.

Miaka yote hii ya ufundi wa lifti watu wananiambia lifti yao ina jini. Inasimama ghorofa isiyoitwa, mlango unafunguka, hakuna mtu. Kila mara nakuta swichi imeliwa na kutu au panya ametafuna waya. Jini sijakutana naye, na kama yupo basi hajui kazi. Sufuria ikichemka kifuniko kinatikisika. Kifuniko ni cha kioo, kimelowa mvuke, na mwiko unateleza. Unateleza upande ule ule kila siku kwa sababu meza imeinama. Baba alikuwa fundi wa kila kitu isipokuwa kukata miguu minne ikalingana.

Sasa tuache utani. Unadhani napenda jambo hili? Mama alifia jikoni humo humo, asubuhi, hakuna hata mmoja wetu nyumbani. Mimi ndiye niliyepigiwa simu nikiwa ndani ya shimo la lifti, nikashindwa kupanda ngazi. Sitaki kupigiwa simu hiyo mara ya pili. Nampenda Baba kama unavyompenda wewe. Huko kwenye makao kutakuwa na mtu wa kumwangalia asubuhi, mchana na jioni.

Mpango uko pale pale.

Kaka yako


18 Machi

Kaka,

Meza nimeipima. Nimeweka limau katikati nikaliachia. Meza imeinama kweli, lakini kuelekea kwenye kiti changu, si chako. Kwa hiyo panya wako na kutu yako wabaki huko huko kwenye lifti.

Kuna kitu sikukuandikia mara ya kwanza, kwa sababu nilijua utasema simwangalii mzee. Kiwiko cha kulia cha Baba na goti la kulia vina michubuko. Nilifikiri ni shuka linamkwaruza. Jana nilipokuwa namwosha nikakuta vumbi la sakafuni kwenye pajama, na chini ya ukucha wa kidole gumba kuna kipande cha ganda la kitunguu.

Nilikaa chini pale pale sakafuni na kitambaa changu kinachuruzika maji.

Si unajua godoro lake nililiteremsha chini tangu alipoanguka ile siku. Basi anajikokota. Kushoto kumekufa, anajivuta kwa kulia, anatoka chumbani, anapita ukumbini, anafika kwenye ile meza fupi, anafunua kifuniko, anakoroga, anauelekeza mwiko kwako, halafu anarudi kulala kabla Mama Mdogo hajafika. Mtu ambaye daktari alituambia tusimtarajie tena hata kukunja kidole.

Nikamuuliza, "Baba, ni wewe unayekoroga?" Akanitazama. Kaka, macho yalikuwa yake. Yale yale ya kutuangalia tukisema uongo kwamba tumeshapiga mswaki. Halafu akayageuzia mlango wa jikoni na machozi yakamtoka jicho moja.

Mtu anayejua ni zamu ya nani si gogo. Utampelekaje mahali ambapo hakuna anayezijua zamu zetu?

Chiriku


22 Machi

Mdogo wangu,

Nimemsomea wifi yako barua yako na sikuweza kuimaliza, akaimaliza yeye. Nilikosea kusema haelewi. Naomba radhi kwako na kwake. Ukipata nafasi mwambie polepole sikioni.

Lakini hebu fikiria na wewe. Mtu wa mkono mmoja anaivuta sufuria ya moto kwenye meza fupi, yuko peke yake. Ikimwagika usoni je? Hilo ndilo linaloniondolea usingizi, siyo mwiko.

Fanya mambo mawili mpaka nije. La kwanza, tia komeo kwenye mlango wa chumba chake, kwa nje. Najua ni ukatili, na Mama Mdogo atanitukana. Ni asubuhi tu, akifika yeye anafungua. La pili, kama zamu ndiyo inayomtoa godoroni, basi usimpe zamu. Ukikoroga asubuhi, mwiko uelekeze kwenye kiti cha Mama kama ilivyokuwa zamani. Huyo hatakuja.

Mwisho wa mwezi hauko mbali. Tutaongea nikifika.

Kaka yako


27 Machi

Kaka,

Nimefanya ulivyosema. Komeo nimelifunga kwa mkono wangu na Baba ananitazama. Mwiko nikauelekeza kwa Mama.

Niliporudi, harufu niliikuta barabarani. Siyo harufu ya vitunguu vyangu vya majimaji. Ilikuwa ile nyingine, ile ya kutoka shule na njaa. Mama Mdogo alikuwa amesimama nje ya mlango wa mbele na mkoba wake begani, amekataa kuingia ndani tena. Nikamuuliza, "Mama Mdogo, kuna nini?" Akaniambia, "Mwanangu, nimefika mchana komeo liko kama ulivyoliacha. Nimelifungua mwenyewe. Baba yako amelala, lakini alikuwa anatabasamu kwa upande mmoja. Na huko jikoni mtu alikuwa anaburuta kiti."

Nikaingia peke yangu. Vitunguu vya kahawia, kaka. Vizito, vinang'aa, vimebaki robo ya sufuria, vinaachana na ukingo vyenyewe. Kifuniko kilikuwa kimeinuka upande mmoja kwa sababu chini yake palichomekwa kibanio cha nguo. Cha mbao. Vibanio vyangu mimi ni vya plastiki, nilinunua vipya. Vile vya mbao tuliviondoa pamoja na vitu vya Mama.

Kiti cha Mama kilikuwa kimevutwa kidogo kutoka mezani. Na mpini wa mwiko ulikuwa unaangalia kiti cha Baba.

Nimemwangalia Baba goti na kiwiko. Michubuko inakauka, haina vumbi, haina kitu. Hakutoka.

Kibanio kile kina kazi gani? Wewe unajua? Mimi nimeuliza hata kazini, hakuna anayejua.

Na jingine. Nimechomoa waya wa Mvivu ukutani, nimeukunja, nimeuweka kabatini. Sikati tena vitunguu, sikorogi. Vile vya ndani siwezi kuvila na siwezi kuvimwaga. Lakini nikitoka kazini naweka kiganja kwenye sufuria na naikuta ya moto. Mwiko bado uko kwa Baba, na Baba hali kabisa sasa, hata ule uji. Siku nzima anaangalia mlango wa jikoni kama mtu aliyeitwa anayetafuta viatu vyake. Naogopa. Nilikuwa nakuomba usije, sasa nakuomba njoo.

Chiriku


2 Aprili

Chiriku,

Ulikuta mto wangu wa gari umesahaulika kwenye kiti cha ukumbini, kwa hiyo unajua nilifika. Nisamehe kwamba sikukungoja.

Kwanza kibanio. Vitunguu vikikaribia kuiva, unainua kifuniko kidogo ili mvuke utoke na maji yakauke. Bila hivyo vinabaki vyeupe maisha. Mama alikuwa akichomeka kibanio cha nguo, cha mbao kwa sababu plastiki inayeyuka. Mimi nilimwona, wewe ulikuwa shule. Sijawahi kumwambia mtu, sikuwa hata najua kwamba ninakumbuka. Niliposoma swali lako nilishuka ghorofa zote kwa ngazi, nikaomba ruhusa, nikachukua gari.

Mama Mdogo alinifungulia, akabaki barazani. Nilikuja kumchukua Baba na kuimaliza habari hii. Nikamfungulia komeo, lakini nikapita jikoni kwanza. Waya wa Mvivu uko kabatini, nimeuona kwa macho yangu, na vitunguu vilikuwa vinatokota taratibu. Mimi ni mtu wa umeme, Chiriku. Nilitafuta waya mwingine. Nilipiga magoti nikatazama hadi chini ya meza.

Nikiwa pale chini nikasikia kitu kinaburutika ukumbini. Baba. Alikuwa amejikokota hadi mlangoni, anahema, mkono wa kulia ameunyoosha mezani. Anakuja kwenye zamu yake. Na mimi nikajua, sijui nilijuaje, kwamba akikoroga hiyo anaondoka, na sisi tunabaki wawili.

Nikamwambia, "Pumzika, mzee. Leo nakusaidia." Nikakaa kwenye kiti chake. Nikakoroga. Nikaulaza mwiko, na mkono ulijua njia wenyewe, nikauelekeza kwenye kiti kinachofuata, yaani changu.

Baba akapiga kelele. Neno kabisa, "Hapana!" Na ule mkono wake wa kushoto, ule uliokufa, ukanyanyuka juu ukanielekea na vidole vimetanuka. Nilimrudisha godoroni, nikamfunika, nikatoka mbio kama mwizi.

Abaki. Simpeleki popote. Funguo usirudishe, kodi tutasaidiana. Mimi mzima, uchovu wa safari tu.

Kaka yako


7 Aprili

Kaka yangu mpenzi,

Nakuandikia mezani, siyo chooni, maana hakuna tena cha kumficha Baba. Anakaa! Ameegemea mito, lakini anakaa. Amekula mkate mzima na ameomba chai, kwa mdomo wake, na akalalamika haina sukari. Mkono wa kushoto unafunga kifungo cha shati. Daktari amekuja akamgonga goti kwa kale kanyundo, akagonga tena, akaondoka bila kusema la maana. Mama Mdogo amerudi kuingia ndani na anaimba.

Umeshinda wewe, uliyekuja mara moja. Mimi niliyekata vitunguu mpaka macho yakavimba hata asante sijapewa.

Ila hana furaha, na sielewi kwa nini. Kila asubuhi swali lake la kwanza, "Mkubwa yuko wapi?" Namwambia yuko kwake, kazini. Anasema, "Muulize mkono." Nadhani maneno bado yanamchanganya. Anajikongoja hadi jikoni akishika ukuta, anajaribu kuutoa mwiko kwenye kifuniko. Hautoki. Nimejaribu na mimi, umeganda. Utamu wa vitunguu umeukamata, nafikiri. Bado unaangalia kiti chako.

Mbona huandiki?

Chiriku


12 Aprili

Wifi yangu,

Kaka yako amenikataza kukuandikia, kwa hiyo nakuandikia akiwa amelala. Siku hizi analala sana.

Wiki ile aliyotoka huko aliangusha bisibisi kwenye shimo la lifti. Siku iliyofuata akaangusha kikombe. Nikamwambia ni uchovu, akakubali haraka mno. Sasa mkono wa kushoto haufungi kifungo. Mguu wa kushoto anauburuta, viatu vyake vimelika ncha upande mmoja. Kazini wamempa likizo. Tumezunguka kwa madaktari, wamempiga picha za kichwa, wanasema hawaoni kitu. Tangu juzi nikimpelekea kijiko anabana mdomo.

Na nyumba yangu inanuka vitunguu. Sipiki vitunguu, wifi, nimeviacha kwa ajili yake. Nimeosha mapazia. Jana nilimkuta amekigeuza kiti chake, ameangalia ukuta ulio upande wa kwenu, nikamuuliza anangoja nini. Akasema kwa shida, "Zamu yangu."

Wewe unajua anazungumzia nini? Kama unajua niambie, hata kama ni jambo la kunitisha. Nina mume mmoja tu.

Wifi yako


16 Aprili

Mwanangu mkubwa,

Anayeandika ni mdogo wako lakini maneno ni yangu, nimemkataza kuyapamba. Analia juu ya karatasi, ukiona doa usijali.

Barua ya mkeo nimesomewa. Nilishajua kabla ya kusomewa. Asubuhi nikinyanyua kikombe kwa mkono wa kushoto nauona si wangu. Mkono huu una lile kovu la pasi ulilolipata ukiwa mdogo. Mkono wangu haukuwahi kuwa na kovu. Sasa unalo.

Usimlaumu mama yako. Hakumwita mtu. Asubuhi ile alikoroga, akauelekeza mwiko kwangu, mimi nikawa nimetoka kununua misumari. Niliporudi yeye yuko sakafuni, watu wakajaa, kila mtu alikoroga huzuni yake na hakuna aliyekumbuka sufuria. Zamu yangu ikabaki pale, maana zile nilizokoroga juzi juzi nilipewa na mdogo wako, si na yeye. Mimi nayajua mambo ya mama yako, hawezi kuondoka jikoni vitunguu havijaiva. Ananingoja, na mimi nimechoka kungojwa. Mdomo sikuubana kwa kiburi. Nilikuwa nangoja chakula kimoja.

Wewe uliingia ukanisaidia kazi ambayo sikukuomba. Ulikuwa hivyo tangu mdogo, ukiona mtu anainama unamsukuma pembeni uiname wewe. Nashukuru. Sasa nirudishie.

Kesho mdogo wako atakata vitunguu vipya. Nitakaa kwenye kiti changu mchana kweupe, na mwiko nitaurudisha kwangu kwa mkono huu huu wa kwako. Wewe usije. Ukija nitakuchapa nao.

Mdogo wako anauliza kama naogopa. Mwambie hapana. Mimi nina njaa tu.

Baba yako


29 Aprili

Kaka,

Msibani hatukupata nafasi, watu walikuwa wengi na wewe ulikuwa umezungukwa. Lakini nilikuona. Jeneza ulilishika kwa mkono wa kushoto, ukalibeba njia nzima bila kupokewa. Wifi alikuwa nyuma yangu, akanibana bega mpaka likaniuma.

Nataka ujue ilivyokuwa, maana kwenye simu nilikuambia nusu.

Nilikata vitunguu. Baba alikaa ananielekeza, vyembamba zaidi, hivyo ni vya mchuzi, mtoto gani wewe. Mwiko ulikuwa umeganda kiasi kwamba nilijaribu kuubandua kwa kisu. Yeye akaweka mkono wa kushoto tu juu yake na ukaja. Akaugeuzia kwanza kwenye kiti chake, akautazama umelala pale, akapumua. Halafu akafunua, akakoroga taratibu, duara kubwa, bila haraka. Nilikaa kwenye kiti changu muda wote. Tuliongea sana. Alinisimulia siku aliyoikata meza, kwamba Mama alimcheka hadi akashindwa kumenya.

Alipomaliza, hakuuelekeza kwako. Nilikuwa nimeshika ukingo wa meza kwa hofu. Aliuruka upande wako, akauruka wangu, akauelekeza kwenye kiti cha Mama. Mkono wake ukashuka pajani ukalegea, nikaona kovu halipo tena. Akaniambia, "Nenda kanunue mkate."

Nilisema siendi. Nilijua, kaka, na nilikataa kama mtoto. Nikamwambia siwezi kubaki peke yangu kwenye nyumba hii. Akacheka kwa ule upande uliobaki. "Peke yako wapi? Nenda, wasije wakafunga duka. Mama yako hapendi kutazamwa akipika."

Nikaenda. Nilitembea, sikukimbia. Nikachagua mkate laini anaoupenda.

Niliporudi nyumba nzima ilikuwa inanukia. Baba alikuwa kwenye kiti chake, kichwa amekilaza mezani juu ya mkono, kama alivyokuwa akisinzia Mama akiongea. Alikuwa bado na joto. Pembeni ya midomo alikuwa na utelezi wa kahawia, maana alikuwa ameonja. Kiti cha Mama hakikuwa upande wake wa meza. Kilikuwa kimesogezwa kikagusana na cha Baba. Kibanio cha mbao kilikuwa mezani, na kifuniko kimewekwa kando.

Mwiko sikuuona kwenye sufuria wala kwenye sinki. Nilizunguka jiko lote kabla sijanyanyua macho. Ulikuwa umeoshwa, umetundikwa kwenye ule msumari wa juu, ambao hata mimi naufikia kwa kupanda kiti. Ulikuwa bado unadondosha maji.

Hapo ndipo simu ilipolia, ikawa wewe, unapiga kelele kama kawaida yako kwamba vidole vinacheza. Ulinisikia nikilia ukadhani ni kwa ajili ya Baba tu.

Mvivu amepoa. Nimemgusa kila siku tangu hapo, ni baridi ya kawaida ya chombo. Vitunguu nimevitia kwenye chupa, nusu nimempa wifi aje navyo. Usiviogope. Siku ile, kabla sijamwita Mama Mdogo, kabla sijamwita mtu yeyote, nilikaa nao mezani, nikakata vipande viwili vya mkate nikavipaka, kimoja changu na kimoja chako. Nimevila vyote viwili.

Vimeiva, kaka.

Mdogo wako,
Chiriku